Ulimwitikia Nani Ghalani?

Dada Saumu,

Najua marehemu haandikiwi barua. Marehemu huombewa dua, na dua nakuombea kila baada ya swala, hata zile ninazoswali haraka haraka Nuru akinipanda mgongoni nikisujudu. Lakini dua naipeleka kwa Mungu, na hili nililonalo ni la mimi na wewe. Mama sijamwambia. Baba Nuru sijamwambia. Nikikaa nalo kifuani linanikaba, nikitaka kulisema naona kama kuta zinanisikiliza. Ndiyo nimechukua kalamu. Mwandiko wangu unaujua, ulikuwa unasema ni kaa aliyepita kwenye wino. Vumilia.

Leo maji mafu, hayapwi vya kutosha, hatushuki pwani. Mama amekwenda Bagamoyo mjini kumjulia hali shangazi. Nuru amelala juu ya kanga yako ya zambarau, ile uliyokuwa ukifunikia spika isiingie vumbi. Kumetulia. Huko nje hata kuku hawapekui.

Nianze na habari za hapa, maana wewe ulitaka habari kwanza ndipo mambo mengine.

Nuru anatembea. Ulimwacha anatambaa kinyumenyume, ukamcheka ukasema mtoto huyu gia yake moja tu, ya kurudi. Sasa anakimbia, meno anayo juu na chini, na ananing'ata nayo. Baba yake yuko Mapinga siku nyingi za wiki, wanajenga nyumba za watu wa mjini walionunua viwanja kule. Anarudi Alhamisi jioni na saruji kwenye nyusi. Mama magoti yamekataa maji, kwa hiyo kamba zake za mwani nazifunga mimi pamoja na zangu. Na zako, Dada. Zako sikuziacha. Nimehamisha vigingi vyako vikakaa jirani na vyangu, ili nikiinama nisiwe mbali na wewe.

Ufunguo wa ghala wamenipa mimi. Akina mama wa kikundi chetu cha mwani walisema, nani mwingine. Siku ya kwanza kufungua nilipokewa na harufu: mwani mkavu, chumvi, na yale mafuta ya nazi uliyokuwa ukipaka nywele. Viroba vilikuwa vile vile mlivyovipanga, ukuta hadi ukuta, na katikati nafasi ya watu wanne na vyombo vyao. Mnunuzi amekuja amechukua mzigo ule wa zamani. Tumeingiza mpya, tukaupanga bila kuambizana, na tulipomaliza tukaona tumeacha nafasi ile ile katikati. Tulifunga tukaondoka.

Nakumbuka mlivyoanza. Ulirudi kutoka chuo cha sanaa na wenzio watatu, gitaa, besi na ngoma zao, mmoja wao Deo, kijana wa bara mwenye heshima mpaka inachosha. Mama akamuuliza mnapiga muziki gani. Deo akasema ni roki, lakini si roki ya kawaida, ni roki mbadala. Mama akauliza mbadala wa nini. Deo akakugeukia wewe, ukacheka mpaka ukakaa chini. Mjini mlikuwa mmefukuzwa kila chumba kwa kelele. Ndipo ukakumbuka ghala letu, kwamba mtu akisema katikati ya viroba sauti yake inamezwa, haigongi ukutani ikarudi. Mkajiita Chumvi Mbichi. Mlipowasha siku ya kwanza mwenzetu mmoja alipaza sauti kutoka kwenye chanja tunapoanika mwani, "Saumu, leo mnachinja mabati?" Ukatoa kichwa mlangoni ukamjibu, "Tumeshachinja, leteni vyombo mgawiwe."

Mimi muziki ule sikuuelewa sana. Nilikuwa na mimba ya Nuru, na mkipiga ngoma kubwa mtoto aligeuka tumboni. Lakini wimbo mmoja niliuelewa, ule wa "Kupwa". Ulianza polepole, gitaa moja tu, jinsi maji yanavyoondoka bila kuaga. "Maji yakirudi nyuma yataonyesha nilichozika." Nikakuuliza ulizika nini. Ukasema, "Siwema, wimbo hauulizwi maswali ya polisi."

Demo zenu mlizirekodi kwa maiki moja na kompyuta ya Deo. Mlisema ni za majaribio, zenyewe hasa zitakuja. Zenyewe hazikuja. Kompyuta ililowa mvua ikafa, nyimbo zikabaki kwenye flashi moja tu, ile nyekundu uliyoifunga pamoja na ufunguo wa ghala. Halafu ikaja homa ya kichwa ikakuchukua kabla hatujajua tuiite nini.

Baada ya hitma yako ya arobaini, Deo alikuja. Amekonda. Akamwamkia Mama, Mama akamwitikia marahaba baba, akampa maji ya kunywa. Deo akasema anatamani kusikia sauti yako. Sikuona ubaya. Baba Nuru alikuwepo, akaunganisha sabufa, akachomeka flashi. Mama alikuwa uani na ungo wa mchele. Gitaa lilipoanza nilimwona amesimamisha mikono.

Dada, sijui kama wewe mwenyewe uliwahi kuusikiliza wimbo ule ukiwa peke yako. Gitaa linapiga, kisha linaacha. Kinakuja kimya. Si kimya cha kuzima, ni kimya cha watu waliomo ndani wanangoja. Unasikia mtu anavuta pumzi. Unasikia chombo kinanguruma chini chini kama paka. Halafu wewe, si kwa sauti ya kuimba, kwa ile sauti ya kumwitikia mtu nyumbani:

"Abee."

Na hapo hapo unaanza kuimba.

Uani ungo ulianguka. Mama akaja mlangoni na chenga za mchele kwenye vidole, akamuuliza Deo nani alimwita mwanangu. Deo akatabasamu, hakujua anaulizwa nini. Akaeleza kwamba hakuna aliyekuita. Wote watatu walikuwa wanangoja wewe uingie. Wimbo ulipokwisha wakakuuliza ulikuwa unamwitikia nani, ukasema, "Si mmeniita?" Wakasema hapana. Mkacheka, mkaona iachwe hivyo hivyo, ina ladha yake.

Mama akarudi uani. Alimpakulia Deo chakula, akamsindikiza mpaka njia panda. Aliporudi akaniambia zima hiyo mashine.

Wewe unajua alichokiona, maana tumelelewa na mikono ile ile. Mtoto wa kike akiitwa hasemi "nini", hasemi "eeh", anasema abee, na akichelewa anafinywa sikio. Hilo moja. Na la pili: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Mwache aite tena, na tena. Mtu akichoka kuita atakuja mlangoni umwone. Asiye mtu, yeye shida yake ni jibu tu, akishalipata amekupata. Ya tatu ndiyo unatoka, na unatanguliza macho, mdomo baadaye. Hilo la pili wewe ndiye uliyenifundisha kulishika. Nilikuwa mdogo, nikisikia jina langu huko nje nataka kuitika, wewe unaniziba mdomo kwa kiganja. Kiganja chako kilinuka vitunguu.

Sasa mtu aliyefundishwa yote mawili, gitaa limemjaa kichwani, aitwe ghafla. Lipi litamtoka kwanza? Wewe ilikutoka adabu. Deo hawezi kulijua hilo. Angekuwa yeye angeuliza "nani?", yakaisha.

"Kaitika ya kwanza," Mama alisema, anaokota chenga moja moja sakafuni. "Kaitika ya kwanza, na hakumwona."

Akanikataza kuupiga tena ule wimbo. Nikawa naupiga akiwa hayupo. Si ubishi. Picha zako ninazo kwenye simu, lakini picha hazivuti pumzi. Kwenye kile kimya unavuta pumzi. Nilikuwa nakaa chini mbele ya sabufa, Nuru mapajani, natega sikio nimsikie anayekuita. Nikawa nasikia mambo. Nilisikia viroba vinajikunja. Nilisikia bawaba ya mlango. Nilisikia kama maji, na ghala lile maji hayalifikii. Ukikisikiliza kimya sana kinaanza kukupa vitu.

Ndipo Nuru akaanza.

Siku hiyo hakuna kilichokuwa kinapiga, flashi iko kabatini. Alasiri, mimi nachambua mboga, yeye anacheza na kifuniko cha sufuria. Akasimama. Akageukia upande wa ghala, akainua uso kama mtu anayetazamwa na mrefu kuliko yeye, akasema, "Bee." Akatabasamu. Akarudi kwenye kifuniko chake.

Nilimbeba nikaingia ndani nikakomea mlango, na jua limewaka hivi huko nje, watu wanapita na baiskeli.

Ikawa mara kwa mara. Kila mara ni upande ule. Baba yake akasema mtoto kasikia kwenye sabufa, ni kasuku huyo, msimkuze. Maneno ya mtu mwenye akili zake. Lakini kasuku hageuki kutazama. Mama alipomwona kwa macho yake, alimchukua akamsomea, akampulizia utosini, kisha akafungua kabati akatoa flashi. Akaninyooshea mimi. Akasema bamvua ijayo, maji yatakapokupwa mbali, nikishuka nipite vigingi vya mwisho, niitupe kule yasikokauka maji. Alinipa mimi kwa sababu ya magoti yake. Nadhani na mkono wake pia usingekubali.

"Mmoja nimetoa," akaniambia. "Wa pili simtoi."

Ni mimi niliyemzaa huyo wa pili. Usiku nilimlaza katikati yetu, mkono wangu juu ya kifua chake.

Nilimpigia Deo, nikaona ni haki yake kujua. Akasema nyimbo hizo ndizo pekee zilizobaki. Akasema wao watatu bado wanakutana kupiga, na ikifika mahali pako hakuna anayeimba, wanapaacha wazi mpaka papite. Alitaka watu wakusikie, basi, hana zaidi. Nikamwambia, "Kaka Deo, wewe unataka watu wamsikie. Mimi nina mtoto anayemsikia."

Hapo akakumbuka kitu. Kwamba siku ile ya "Kupwa" aliiacha simu yake dirishani, uso nje, inarekodi, kwa sababu alitaka sauti ya upepo wa minazi aje aiweke mwanzoni mwa wimbo. Hakuwahi kuifanyia kazi. Huenda imo kwenye kadi ya simu yake ya zamani, ataitafuta. Nikamjibu haya. Moyoni nikasema huyu ananivutia muda tu.

Mwezi ukaandama, bamvua ikafika. Nikashuka asubuhi na flashi kwenye pindo la kanga. Maji yalikuwa yamekwenda mbali ajabu. Kila kitu kiko wazi: kamba zimelala mchangani, kiatu cha mtoto, sufuria bila tako, mifupa ya samaki ambaye sijui ni samaki gani. Nikapita kamba zangu, nikapita zako, nikapita vigingi vya mwisho, maji yakanifika magotini. Wenzangu walikuwa wameinama kwenye kazi, sauti zao zinanifikia nyembamba. Nikafungua pindo. Kitu chenyewe chepesi, Dada, kama ukucha. Nikainua mkono.

Nikawaza hivi: nikiitupa hapa, abee yako itakaa humu. Na yule aliyekuita, kama yupo, atakuwa nayo peke yake. Sisi hatutakuwa nayo tena. Nikashusha mkono. Nikafunga pindo, fundo mara mbili, nikarudi kufunga mwani kama wengine, na njia nzima ya kurudi nyumbani natunga nitakavyomwambia Mama.

Sikuhitaji. Deo alikuwa amekaa mkekani barazani na simu mkononi, vumbi la barabara mpaka kwenye nywele. Mama mbele yake, Nuru kapakatwa. Mama aliniangalia pindo la kanga, akaona fundo. Akasema kaa usikilize.

Upepo. Minazi. Akina mama kwenye chanja wanacheka. Muziki wenu unatoka ndani kwa mbali, umefinywa na viroba, kama unapigwa chini ya ardhi. Kisha gitaa likaacha, na kwenye mchanga zikaja kandambili. Moja inakanyaga sawa, moja inaburuzika. Nikaijua ile ya kuburuzika kabla ya kitu kingine chochote. Kamba ya kandambili yangu ya kushoto ilikuwa imekatika nikaifunga na kipande cha kamba ya mwani, na mimba ile kubwa nilikuwa siinui mguu. Zikasimama. Halafu "abee" yako kutoka ndani, na sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kusumbua: "Dada." Halafu bakuli likawekwa kwenye saruji.

"Mihogo," Deo akasema. Akajishika kichwa. Akakumbuka kwamba mlipofungua mlango mlikuta bakuli la mihogo ya nazi kizingitini, ukala nusu yake wewe peke yako, wakakusema mroho. Nami nikakumbuka. Nilikuwa nakuletea chakula siku nyingi, na nikikuta unaimba nakiweka hapo naenda kukaa nyuma kwenye kivuli. Sikujua kwamba siku hiyo ndiyo ile.

Mama aliomba arudishiwe. Akaishika ile simu kwa mikono miwili, akaibana sikioni kama anazuia isimwagike.

"Kumbe ni wewe," akaniambia. "Siwema. Kumbe ni wewe."

Alicheka, akalia, akanipiga bega kwa ngumi. Akasema basi, kamwitikia mdogo wake, damu yake, hakukosea kitu. Akaniambia nimpe Deo hiyo flashi, watu wamsikie mwanawe alivyokuwa akiimba, hata kama ni muziki wa kukoboa mawe. Deo akasema isubiri kidogo, atanunua kompyuta nyingine aje aihamishe vizuri. Jioni ile Mama alimaliza sahani. Tangu uondoke sikuwa nimemwona akimaliza sahani.

Ningeishia hapa. Ungekuwa hai ningeishia hapa, tungecheka.

Deo alinirushia ile sauti ya dirishani kwenye simu yangu. Siku ya pili yake nikaweka hedfoni, nikaisikiliza peke yangu. Mama masikio yake si yale ya zamani, na alitaka kusikia vitu viwili, akavisikia vyote viwili. Deo alitaka nyimbo zake zipone. Mimi nilisikiliza kipi kinatangulia kipi. Nikarudisha. Nikarudisha tena, nimefumba macho.

Kandambili zinakuja. Zinasimama. Abee. Halafu ndiyo "Dada".

Uliitika kwanza. Mimi nikaita baadaye. Ni kidogo mno, nafasi ya kumeza mate, lakini ipo. Na ukisikiliza vizuri, ile "Dada" yangu si ya mtu anayeita. Ni ya mtu aliyeshtuka, kwa sababu ameitikiwa na mdomo wake bado umefungwa.

Nilimfuata Nuru alipolala nikaweka sikio kwenye mgongo wake nisikie moyo.

Sasa nimekaa na jambo hili siku kadhaa, na nimekumbuka mengine. Nakumbuka nikiwa na surua, Mama yuko pwani, nafumbua macho nataka maji, wewe umesimama na kikombe. Unasema, "Si umeniita?" Na mimi sijaita, koo limekauka. Nakumbuka alfajiri ya Nuru. Uchungu umenishika, Baba Nuru anahangaika na simu haina salio, na bodaboda ikasimama nje ukashuka wewe kutoka mjini, kitenge umekivaa kinyume. Hakuna aliyekupigia. Ukaniambia lile lile, "Si umeniita?" Tulikuwa na shughuli, hakuna aliyekuuliza.

Labda ndivyo ulivyoumbwa. Labda mtu akikuhitaji ulimsikia kabla hajafungua kinywa, na siku ile ghalani ulinisikia mimi, nimebeba bakuli na mimba, nimechoka, nataka kukuona. Napenda iwe hivyo. Asubuhi naamini kabisa ni hivyo. Au labda yuko aliyeniwahi pale mlangoni, akakuita mimi nikiwa bado naburuza mguu. Sijui, Dada. Kukudanganya sitaki. Wewe sasa unajua, na mimi nimekubali kutojua.

Jana nimetoka kisimani na ndoo kichwani. Nikawaza nikifika uani nitamwita Nuru aje anipokee, anapenda kushika kata ya kichwani. Sijafika uani. Sijafungua mdomo. Kutoka ndani nikasikia, "Bee!" na miguu inakimbia, akatokea akanikumbatia magoti, maji yakatumwagikia wote wawili. Nikaitua ndoo nikachuchumaa, nikamuuliza nani kakuita, mwanangu, nani kakuita. Akaniziba mdomo kwa kiganja.

Nilikinusa. Nilikuwa sitaki, lakini nilikinusa. Nikamuuliza Mama, akasema ndiyo, nilimpa kitunguu achezee.

Sikulia. Nilicheka, na kucheka kwenyewe kulinishangaza. Kwa sababu hakugeukia ghala, Dada. Alikuja kwangu.

Kesho Deo anakuja na kompyuta yake mpya kuchukua nyimbo. Amesema angependa kuchanganya na ile sauti ya dirishani, watu wasikie mwito. Nimemkatalia, nimemwambia mimi naona haya sauti yangu. Kanielewa. Abee yako itabaki ilivyo, na kila atakayesikiliza atajiuliza mwenyewe. Nimemwomba kitu kimoja tu, kwamba kabla hajaichukua tuupige "Kupwa" mara moja pale pale ghalani, katikati ya viroba, kwenye ile nafasi yenu. Nitakuwepo na Nuru mgongoni. Gitaa likiacha, kabla kimya hakijapata nafasi ya kukaa, nitakuita. Nimeshafanya mazoezi, najua ni wapi. Nitaita mapema, kwa sauti kubwa, si kama siku ile. Asiniwahi mtu.

Na Nuru hivyo hivyo, ndiyo ahadi yangu kwako. Nitamfundisha yote mawili tuliyofundishwa. Lakini la mwanzo kabisa, kila asubuhi akifumbua macho atakuta nimeshamwita. Akiwa anacheza nitamwita, akinyamaza sana nitamwita, hata kama sina haja naye, mpaka anichoke. Mtoto huyu ataitwa na mama yake hadi kusiwe na upenyo wa kuitwa na mwingine. Na kila abee atakayoitoa itakuta mwenyewe yuko pale, amefungua mikono.

Maji yanaanza kugeuka, nasikia huko nje. Nuru anajinyoosha, ataamka sasa hivi, lazima nimwahi.

Pumzika, Dada. Mungu akupe kimya kizuri, kisicho kama kile cha wimbo, na kaburi lako liwe na mwanga na nafasi. Kesho gitaa likinyamaza utasikia jina lako. Usihangaike kungoja ya pili wala ya tatu. Ni mimi, nipo mlangoni, unaniona. Itika.

Mdogo wako,
Siwema, mama Nuru
Mlingotini